Matabishi si mushahara

Ku Sandoa, kijana akirudia kutoka Kolwezi na feza ya mugodi mu mufuko, muji mzima unajua mbele jua halijashuka. Anakaa ku nganda, analipia meza mbili tatu. Bukari inaletwa na samaki ya Lulua, Simba inafunguliwa. Yule binti mwenye analeta sahani na kuondoa chupa, hakuna mutu anamuuliza analipwa ngapi. Ni mutoto wa ndugu ya mama mwenye nganda. Anakula pale, analala pale, siku ya sikukuu ananunuliwa kitenge. Matabishi hapewi. Utamupa namna gani matabishi mutoto wa shemeji yako?

Siku moja yule binti anapanda kamyo. Kasaji, Mutshatsha, zaidi ya kilometa 300 za muchanga ao za matope, inategemea mwezi. Anafika Kolwezi, anapata kazi ileile: sahani, chupa, meza. Lakini huku hakuna ndugu, na patron anamwambia siku ya kwanza yale maneno yenye familia nyingi zimeisha kusikia: "Mushahara iko kidogo, lakini baclients ni bantu ba ku carrière. Utaishi na matabishi."

Tunataka kuangalia yale maneno kwa karibu, sababu sisi wote tumo ndani. Tumo kama clients wenye kuacha feza juu ya meza, tumo kama wazazi wa wale mabinti na wale vijana, na wengine wetu tuko na ndugu mwenye nganda.

Neno matabishi lenyewe limetoka upande wetu wa magharibi. Wareno wa Angola walisema mata-bicho, maana yake kuua mududu: ni kale kachakula ao kale kanywaji ka asubuhi kenye kanatuliza mududu wa njaa tumboni. Mu Angola mpaka leo mata-bicho ni chakula cha asubuhi. Neno likavuka mupaka, na huku kwetu likageuka. Kwanza likakuwa zawadi ndogo, kisha likakuwa feza ya kuishi ya serveuse, kisha likakuwa hata kile kitu polisi wa barabara anaomba. Zawadi, mushahara na rushwa, vitu vitatu mu neno moja. Na ile fujo inawafaidisha patrons wengi.

Namna gani inatembea

Kuna patron mwenye analipa kwa mwezi. Kuna mwenye analipa kulingana na casiers za bia zenye zimeuzwa. Kuna na mwenye halipi kitu: anapana chakula cha usiku na ruhusa ya kubakia na matabishi, na anaona amefanya wema. Mara nyingi hakuna barua, hakuna contrat, mambo yote yalisemwa kwa kinywa mbele ya frigo.

Lakini ile yenye inaingia ni nusu ya hesabu. Nusu ingine ni ile yenye inatoka. Chupa ikivunjika, serveuse analipa. Client akitoroka na facture, serveuse analipa. Dola kumi yenye iko na kapasuko kadogo kwa pembeni, client ameitoa mu giza, serveuse ameipokea, asubuhi patron anaikataa: ni yake sasa, aende nayo kwa cambiste wamukate. Monnaie ikikosekana, analipa, maana casier na caisse lazima vikubaliane.

Na kuna bon. Hapa tunaomba wachimbaji wasome pole pole. Tuseme wanaume wanne wamekaa siku ya Ijumaa, facture ni 60 000 FC, na mushahara wa kampani utaingia kisha siku kumi. Mumoja anasema: "Yaya, andika, tunajuana." Serveuse anaandika mu carnet. Kama wale wanne wanarudia kulipa, vizuri. Kama mumoja amehamishwa Fungurume, na mwengine amebadilisha nganda kwa haya, patron hamutafuti yule mutu. Anamutafuta mwenye aliandika. Mwisho wa mwezi 60 000 zinatoka mu mushahara wenye ulikuwa tayari mudogo. Wale wanne hawakuiba kitu, wanaona wamekopa kwa patron tajiri. Kumbe wamekopa kwa binti wa Sandoa.

Deni la client si deni la mutumikaji. Code du travail inahesabu moja kwa moja makato yenye patron anaruhusiwa kufanya juu ya mushahara: kodi, CNSS, avance yenye mutumikaji mwenyewe alikamata, malipo ya kosa lake mwenyewe, na mengine machache ya namna ile. Bia yenye ilikunywewa na mutu mwengine haimo.

Mushahara unatoka kwa nani?

Ile Code, sheria ya 16 Oktoba 2002 yenye ilirekebishwa mu 2016, inaeleza mushahara kama feza yenye mutumikaji anamudai muajiri wake kwa sababu ya mapatano ya kazi. Muajiri, si client. Client yeye hana deni kwa serveuse: analipa facture, anasimama, anaenda. Akiacha 2 000 ametoa zawadi, na zawadi yake haiwezi kulipa deni la patron. Sisi tunasoma sheria vile, na hatuoni namna ingine ya kuisoma.

Serikali imeweka chini kabisa ya mushahara, SMIG. Mu Mei 2018 ilikuwa 7 075 FC kwa siku kwa mutumikaji wa daraja la chini. Wakati ule ilikuwa zaidi ya dola 4. Mwanzo wa 2025 zile franga zilezile hazikufika tena dola 2 na nusu. Mu mwaka ule wa 2025 ikapandishwa mpaka 14 500, na kuanzia Januari 2026 mpaka 21 500. Zidisha kwa siku 26 za kazi, unapata 559 000 FC kwa mwezi. Na siku ya kazi kwa sheria ni saa 9, juma ni saa 45. Mwenye kufungua nganda saa nne ya asubuhi na kufunga wakati mulevi wa mwisho amekubali kwenda, tayari amepita.

Uliza serveuse wa pale unakunywaka kama anafika 559 000. Uliza kwa sauti ya chini, patron asisikie.

Hatusemi kila patron ni mwizi. Mama mwenye meza tatu, mwenye analipa loyer, mazuti ya groupe kila siku courant inakatika, na wale watu wa taxe wenye wanapita na karatasi zao, hesabu yake ni ngumu kweli, na kwake hatuna jibu la mepesi. Lakini tuchukue mufano. Nganda inauza casiers 8 za Simba kubwa kwa siku, chupa 12 kwa casier, ni chupa 96. Iko na serveuses wawili. Mushahara wao wawili kwa SMIG ya leo ni 43 000 kwa siku. Gawanya kwa chupa 96: ni karibu franga 450 kwa chupa. Nani kati yetu, akiwa na feza, haachi 500 juu ya chupa? Feza ni ileile, inatoka mu mufuko uleule. Tofauti ni kwamba ikipita mu bei, inakuwa deni la patron, lazima ailipe hata siku mvua imenyesha na meza zimekaa bure. Hasara ya siku mubaya ibebwe na mwenye biashara, maana faida ya siku nzuri yeye haigawanye na mutu.

Na wale wenye restaurants kubwa mu centre-ville, kwenye jeep za kampani zinapangwa inje mustari muzima na sahani moja inagharimu mushahara wa siku mbili? Kwao hatuoni excuse yoyote.

Cobalt ikifungwa

Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha kupeleka cobalt inje, sababu bei ya dunia ilikuwa imeanguka. Ilisema miezi minne, ikaongeza tena, na ni kuanzia 16 Oktoba ndipo mpango wa quotas ulikamata nafasi: tani 18 125 kwa mwisho wa mwaka ule, na 96 600 kwa 2026. Gazeti zote zilihesabu hasara ya makampani na ya serikali. Hatukuona mutu kuhesabu hasara ya meza za Kolwezi.

Lakini ilikuwa pale. Mutu mwenye anangoja madini yake inunuliwe hakunywi bia tatu. Anakunywa moja ao anabakia nyumbani. Na kama anakunywa moja, kitu cha kwanza anakata ni kile chenye hakiko ku facture. Bei ya Simba haikushuka. Loyer ya kachumba ka serveuse haikushuka. Matabishi njo ilishuka.

Creuseur anaelewa hii kuliko mutu yeyote. Yeye pia hana mushahara. Shimo likipana, anakula, shimo likikataa, hakuna wa kulilia. Tofauti moja: creuseur anajua hana patron, ao anajua patron wake ni mwenye kununua madini. Serveuse yeye iko na patron, iko na saa ya kufika, iko na uniforme, anafukuzwa kama anachelewa, lakini siku ya kulipwa anaambiwa atazame kwa client. Anatumika kama mutu wa kampani, analipwa kama mutu wa shimo.

Tazama sasa mess za makampani makubwa. Wale wenye wanapika na kugawanya chakula mu camp hawapati matabishi: mufanyakazi anaonyesha karte, anakamata sahani, anakaa. Wengi wao hawakuajiriwa na mugodi, waliajiriwa na sous-traitant. Raporti ya RAID na CAJJ ya Novemba 2021 ilikadiria kama watu 57 kwa mia wa migodi mitano mikubwa ya huku walikuwa chini ya sous-traitants, na yenyewe ilisema wazi kama mishahara yao ni midogo. Tunakubali. Lakini hata sous-traitant mubaya hajawahi kumwambia mupishi wa mess: utaishi na kile wachimbaji watakuachia. Ile kazi inatembea bila matabishi. Basi ya nganda pia inaweza.

Wengine walipita namna gani

Si sisi peke yetu. Mu Marekani, kisha utumwa kuisha, kampani ya Pullman ilikamata wanaume weusi kwa kuhudumia wasafiri mu mabehewa ya kulala ya gari la moshi, na iliwalipa kidogo kwa makusudi, wasafiri watajaza. Mu 1925 wakaunda syndicat yao, Asa Philip Randolph akaiongoza, na mu 1937 Pullman ikakubali kutia sahihi. Lakini kwa watu wa restaurant ile desturi ilibakia mpaka mu sheria: patron wa kule anaruhusiwa kulipa dola 2 na senti 13 tu kwa saa, bei yenye haijasogea tangu 1991, wakati mushahara wa chini wa wengine ni dola 7 na senti 25. Kama matabishi haijazi shimo, patron anapashwa kuongeza. Etats zingine za kule zimeikataa ile namna, na ku Kongo sheria haikumupa patron ile ruhusa hata siku moja. Bapatron ba huku banaikamata bila kuuliza.

Ufaransa ilikamata njia ingine. Sheria ya Julai 1933 ilisema feza yoyote yenye patron anakusanya kwa jina la service ao ya matabishi, inaenda yote kwa watumikaji wenye wanahudumia, bila yeye kubakiza. Na Mupango wa 172 wa Shirika la Kazi la Dunia, wa 1991, unasema kwa hoteli na restaurants: hata kama matabishi iko, mutumikaji apate mushahara wa musingi wenye unalipwa kwa wakati. Inchi yetu haimo kati ya zile zilizoukubali. Hapa waheshimiwa wetu wa Kinshasa wangepata kazi nyepesi, haitaji hata budget.

Kuna matabishi yenye iko na kamba

Tumengoja mpaka hapa kusema hii, sababu ni nzito. Kuna client mwenye anaacha 5 000 na kwenda. Kuna mwenye anaacha 20 000 na kubakia, na kisha bia ya nne anataka kujua serveuse analala wapi. Akikataliwa anasema: "Nalikupa feza, hapana?" Anaona amelipia kitu.

Sheria ya 20 Julai 2006 juu ya ujeuri wa kingono iliweka harcèlement mu Code pénal, nganda haikuachwa inje. Lakini sheria iko mbali na saa tano ya usiku. Kile chenye kiko karibu ni mufuko. Binti mwenye mushahara wake umelipwa anaweza kusema hapana na kesho arudie kazini. Binti mwenye chakula chake cha kesho kiko mu mukono wa yule mwanaume, hapana yake inamugharimu, na patron, mwenye hataki kupoteza client mukubwa, anaangalia upande mwengine.

Kisha maneno yanapanda kamyo, yanafika Sandoa mbele yake. Wazee wanasema mutoto wa fulani ameharibika, anatumika ku nganda. Sisi tunakataa ile lugha. Wengine wa wale wazee wanakula chumvi na sabuni yenye ilinunuliwa na ileile feza ya nganda. Kama kuna haya, iende kwa mwenye alimuweka pale bila mushahara.

Basi tuache ao tupane?

Watu wengine wanasema: tusipane tena, patrons watalazimishwa kulipa. Hatukubali. Ukiacha leo, patron hatasikia kitu; atakayesikia ni yeye. Pana, lakini pana vizuri. Pana mu mukono, si juu ya sahani yenye mutu mwengine ataondoa. Ukilipa facture na M-Pesa ao Airtel Money na kuongeza juu, jua ile nyongeza imeingia ku simu ya patron. Serveuse hataiona kama patron hataki. Uliza kama wanagawanya na mupishi, maana yule wa nyuma mu moshi hakuna client anamuona. Dola yako iangalie kwanza wewe mwenyewe, mu mwangaza. Na bon yako, ilipe mbele ya kubadilisha site.

Kwa mwenye anatumika: kukosa barua si kukosa contrat. Sheria inasema, kama hakuna maandishi, contrat inahesabiwa ni ya muda usio na mwisho, mpaka mutu aonyeshe kinyume. Na kuna ile ya siku 22, yenye wale walitumika kama journaliers ku mugodi wanaijua: ukitumika siku kwa siku, ukafikisha siku 22 ndani ya miezi miwili, wakikukamata tena mbele ya ile miezi miwili kuisha, umekuwa mutumikaji wa durée indéterminée, si wa kupita. Kwa hiyo siku zihesabiwe. Kaye ndogo ya mutoto wa shule inatosha: tarehe, saa ya kufika, saa ya kutoka, kile patron alilipa, kile alikata na sababu alisema. Matabishi iandikwe upande wake, mustari mwengine, isichanganywe.

Mambo yakifika mbali, kesi haiendi moja kwa moja ku tribunal. Inapita kwanza kwa inspecteur du travail, mwenye anaita pande mbili na kutafuta mapatano. Peleka ile kaye. Peleka majina ya wenzako wawili wenye walikuona ukitumika. Peleka na ile message ya simu yenye patron alikuandikia siku ya Jumapili: "Kuya mbio, nganda imejaa."